Kijiko au Kabini

Shambani kwa Kuntai, Isinya
11 Juni

Mpendwa ndugu yangu Gitonga,

Natumaini barua hii inakukuta ukipumua vizuri, na kwamba Nduta na watoto wako salama huko kwenye joto lenu la Magadi. Sisi huku hatujambo. Mama ako sawa, goti tu ndilo linamsumbua asubuhi, lakini bado anaenda ibada ya kwanza kwa miguu na kurudi akilalamika kwamba mhubiri siku hizi anaharakisha. Mvua ya mwaka huu imetupenda. Nyasi zimenifika kiunoni na zimeanza kutoa maua, na wewe unajua maana yake: zikikaa zaidi ya wiki mbili zinageuka vijiti.

Barua umepewa na Nashipae, yule mama wa chai. Najua tayari unajiuliza nimemjulia wapi. Usimuulize kitu. Soma kwanza, na usome kwa mpangilio, usirukie mwisho kama ulivyokuwa unafanya na vitabu vya shule.

Naandika kwa kalamu kwa sababu simu zangu hushiki. Nimekupigia mpaka nikachoka kumsikia yule dada wa kampuni akiniambia mteja hapatikani. Pasaka hukuja, ukatuma neno kwa mdogo wetu Cate kwamba uko zamu. Mama alikuwa amekuwekea mguu wa mbuzi. Tuliula Jumatano bila furaha.

Sasa nikueleze mambo ya trekta tangu mwanzo, maana wewe ndiwe mtu wa mashine katika familia yetu na ni aibu nimefika hapa bila kukuuliza.

Unajua nimekodi ekari sitini kwa Kuntai, na kwamba kila msimu nakodi pia trekta ya kukata na kufunga nyasi. Mwaka jana yule mwenye trekta aliniambia anakuja Jumatatu. Hakusema Jumatatu ya lini. Alikuja wiki tatu baadaye, nyasi zimekauka zikiwa zimesimama, na robota la nyasi nililokuwa niuze mia mbili na hamsini nikaliuza mia na hamsini. Hesabu mwenyewe mara marobota elfu tisa. Nilipomaliza kuhesabu nilikaa chini pale kwenye stoo nikasema basi, sitakodi tena trekta ya mtu. Nimeanza na karai moja ya sukuma wiki kwenye soko la Kitengela, hakuna aliyenisukuma, na sitakufa nikisubiri Jumatatu ya mtu mwingine.

Nikaenda Nairobi kwenye duka la matrekta. Nilimwomba Kuntai anisindikize, kwa sababu ardhi ni yake na anajua ni wapi maji hutuama. Muuzaji alikuwa kijana mmoja anaitwa Oyoo, tai shingoni, viatu unaweza kujiona ndani yake. Basi, ndugu yangu, yule kijana alimsalimia Kuntai, akamvutia Kuntai kiti, akamweleza Kuntai mambo ya injini na gia na mafuta, na mimi akaniuliza kama ningependa soda. Kila nikiuliza swali, jibu linaenda kwa Kuntai. Mwishowe Kuntai alichoka, akamwambia kwamba yeye ni mtu wa ng'ombe, amekuja hapo kwa sababu alisikia kuna viti vizuri, na mwenye pesa ni huyo mama aliyenyimwa kiti. Oyoo akageuka akaniuliza, kwa adabu kabisa, mzee wangu yuko wapi. Nikamwambia mzee alienda zake miaka tisa iliyopita, na kwamba akimpata amwambie ameacha koti.

Sasa, hapa ndipo nilipokosea, na ninakuambia kwa sababu najua utacheka. Oyoo alikuwa amemshauri Kuntai kwamba kwa udongo wetu mweusi inafaa trekta ya hosipawa hamsini na tano, inayovuta kwa magurudumu yote manne. Ulikuwa ushauri mzuri. Lakini kwa vile hakuniambia mimi, niliukataa. Nikataka ile kubwa ya sabini na tano inayovuta kwa magurudumu ya nyuma peke yake, kwa sababu ni ndefu, ni nyekundu, na Waweru jirani yangu ako na kama hiyo na anaipitisha mbele ya lango langu kama bwana harusi. Nikamwambia Oyoo hakinunuliwi kitu mpaka iletwe Isinya nione ikifanya kazi matopeni.

Waliileta mwezi wa tano, siku mbili baada ya mvua kubwa. Kuntai alitazama yale magurudumu akasema kwa upole kwamba pale tunapoelekea ng'ombe wake wazito hawapiti. Nikamwambia hii si ng'ombe. Ilienda kama mita mia, ikaanza kuteleza, ikazama mpaka ekseli, na kadiri dereva alivyokanyaga ndivyo ilivyojichimbia kaburi. Oyoo alishuka kusaidia kusukuma, mguu ukatoka, kiatu kikabaki. Walitafuta kile kiatu kwa majembe. Vijana wa Kuntai walicheka mpaka wakalala chini, na mimi nilijikaza nisicheke kwa sababu aliyetaka ile kubwa ni mimi.

Kesho yake Oyoo alirudi na ile ndogo, amevaa gambuti. Ilipita pale pale, polepole, ikatoka upande wa pili, halafu ikaivuta ile kubwa. Safari hii maelezo yote alinipa mimi. Nilimuuliza katika hizo hamsini na tano zinafika ngapi kwenye ile shafti ya nyuma inayozungusha mashine ya kufunga nyasi, kwa maana hizo ndizo zangu, zingine ni za kujivunia tu. Akasema arobaini na sita. Mashine yangu inataka thelathini na tano. Basi tukaelewana, na hata nikampikia chai. Si kijana mbaya. Amelelewa na shangazi mwenye maneno kama mimi, aliniambia mwenyewe.

Bei ya ile ndogo, ikiwa na kivuli tu cha turubai juu ya dereva, ni milioni tatu na laki moja na nusu. Halafu ndiyo unaletewa vya kuongeza, na hapo ndipo watu hupoteza akili. Kuna vyuma vya uzito vya mbele, kuna redio, kuna kiti cha kunesa. Mimi nilitaka kitu kimoja peke yake: kijiko cha mbele cha kuinua marobota, laki nne na elfu themanini. Unajua ni watu wangapi nalipa kupakia lori? Kile kijiko kinajilipa kwa misimu mitatu, kisha kinaanza kunilipa mimi. Oyoo alinionyesha pia kabini ya kufungwa, yenye vioo na hewa baridi, laki nne na elfu sabini. Nikamuuliza nani analipa pesa hizo dereva asipate jasho. Akasema kuna wanaolipa. Nikamwambia wasalimie.

Kwa hivyo jumla na kijiko ilikuwa milioni tatu, laki sita na elfu thelathini. Benki inataka asilimia thelathini mkononi, inayobaki unalipa miaka mitatu, na kadi ya trekta inakaa na majina mawili, langu na la benki. Kulikuwa pia na watu wengine wa mikopo waliosimama pale pale dukani, wakaniambia kwao riba ni tisa kwa mwaka, mbona niende benki ya kumi na tano. Watu wengi wanaingia hapo mbio. Nilitoa simu nikapiga hesabu mbele yao. Ile tisa yao inakatwa kwa deni lote mpaka siku ya mwisho, hata kama umeshalipa nusu. Inakuja laki sita na elfu themanini na sita. Ile kumi na tano ya benki inapungua deni likipungua. Inakuja laki sita na elfu thelathini. Dada mmoja wao aliniangalia akaniuliza nimesomea wapi. Nikamwambia Kitengela, nyuma ya soko.

Malipo ya kwanza yalikuwa milioni moja na elfu themanini na tisa. Nilikuwa na laki saba za nyasi. Zilizobaki nikaenda kuziomba kwenye Sacco yetu, nikiwa nimevaa vizuri, kwa sababu nina akiba pale ya miaka kumi na miwili na sijawahi kuchelewa hata mwezi mmoja.

Gitonga, pale ndipo niliposikia jina lako.

Sheryl wa kaunta aliniita pembeni. Aliniambia kwa sauti ya chini, Mungu ambariki kwa hiyo sauti, kwamba siwezi kukopeshwa. Akiba yangu imefungwa. Kuna mtu niliyemdhamini, ndugu yangu wa damu, hajalipa miezi mitano, na mwezi wa sita wataanza kukata kwangu. Unakumbuka ulivyoniletea ile karatasi ya udhamini? Kwenye harusi ya Cate, ukaiweka juu ya boneti ya gari la bibi harusi, nikaitia sahihi nikiwa nimeshika sahani ya pilau. Sikuisoma. Mimi, ninayesoma mpaka maandishi ya nyuma ya mfuko wa mbolea. Sikuisoma kwa sababu ilikuwa yako.

Sitakuficha nilivyojisikia. Nilitoka pale nikakaa kwenye pikapu bila kuwasha. Nilifikiri juu ya kozi yako ya udereva niliyoilipia kwa sukuma wiki. Nilifikiri kwamba Sheryl alinionea huruma, na hakuna kitu kinachoniuma kama kuonewa huruma kwenye kaunta. Halafu nikakutumia ule ujumbe. Unaujua. Nilikuita mwizi. Na nilipofika nyumbani nilirudia hilo neno mbele ya Mama, akaacha kumenya viazi akaenda kulala saa kumi ya mchana.

Siku ya tatu bado hukuwa umejibu, nikasema nitamfuata huko huko aliko. Na hili ndilo ambalo nimezunguka kurasa zote hizi kabla ya kulisema.

Nilikuja Magadi.

Niliendesha pikapu mwenyewe. Pale Kona Baridi nilisimama kununua maji, na huko kote kuteremka nilikuwa nafanya mazoezi ya maneno. Nilikuwa na maneno, Gitonga. Nilikuwa nikuaibishe mbele ya wenzako, juu ya tingatinga lako, ushuke ukiwa umeinamisha kichwa. Nilifika nikauliza kwa wale walinzi wa getini, nikaambiwa mkandarasi wenu alimaliza mkataba mwezi wa kumi na mbili, na huyu mpya amekuja na madereva wake. Nikauliza Gitonga yuko wapi sasa. Wakanionyesha kwa kidole kando ya barabara.

Nilikuona. Ulikuwa umekaa juu ya mtungi uliogeuzwa, chini ya kile kipande cha turubai, unaziba pancha ya pikipiki. Ulikuwa unamchekesha mwenye pikipiki. Halafu lori lilipita, vumbi likawafunika, na ukaanza kukohoa. Kile kikohozi nilikijua kabla sijakisikia. Ulikiinamia kama ulivyokuwa ukifanya ukiwa darasa la pili, wakati mwalimu alikukataza kufagia darasa na mimi nikawa nakuja kufagia zamu yako. Yule mtu wa pikipiki alikusubiri umalize. Ukajifuta, ukaendelea kuziba.

Nilikuwa mbali kama kutoka kwetu mpaka lango la kanisa. Ningeita ungenisikia. Sikuita. Nilikaa kwa Nashipae, nikaagiza chai, nikageuza kiti nikupe mgongo. Yeye ndiye aliyeniambia mengine, bila kujua mimi ni nani: kwamba mlihama ile nyumba nzuri, kwamba unalipa karo kwanza na kodi baadaye, kwamba yule fundi hapendi kusemwa na akiulizwa na watu wa kwao husema ako zamu. Aliniambia pia kwamba wakati mwingine simu yako inaita, unaitazama tu mpaka inyamaze, halafu unakaa muda bila kufanya kazi. Nilijua ni simu ya nani.

Nikalipa chai, nikaacha namba yangu kwa Nashipae, nikaondoka. Maneno yangu yote niliyarudisha nyumbani kama yalivyo. Hujui nilikuja, na hilo limenisumbua kuliko lile la Sacco, kwa sababu niliona haya kwa niaba yako na sikuwa nimetumwa. Ungekuwa wewe ungevuka barabara. Na lile neno nililokuita, nimelirudisha. Kwa Mama nimelirudisha pia. Alisema alijua.

Kwa hivyo nilifanya hivi. Nililipa miezi mitano yako, elfu sabini na moja, Sheryl akafungua akiba yangu. Kuntai, ambaye naye ni mwanachama, alikuja na shuka yake nyekundu na rungu akatia sahihi ya kunidhamini mimi, na aliisoma karatasi yote mpaka mwisho huku foleni ikimsubiri. Halafu nikarudi kwa Oyoo, nikamwambia abadilishe oda. Atoe kijiko. Aweke kabini.

Oyoo alifikiri nimekosea. Alinikumbusha kwa makini hesabu yangu mwenyewe, misimu mitatu, yote. Nikamwambia hesabu naijua. Kabini hainiletei hata shilingi moja. Nitaendelea kulipa wapakiaji, na nimepiga hesabu ya hiyo hasara mara mbili nikitumaini itapungua. Nilimuuliza jambo moja tu: milango ikifungwa, vumbi la nyasi linaingia? Akanionyesha filta iliyo juu ya paa, akaniambia dereva anaweza kukata nyasi siku nzima na atoke na shati jeupe. Nikamwambia basi, andika.

Unajua vumbi la nyasi lilivyo. Chini ya turubai ungekaa siku mbili nikupeleke hospitali.

Nikuambie masharti, usije ukasema dada yako amelainika. Trekta inakuja Ijumaa ya wiki ijayo. Mshahara ni ule ule wanaolipwa madereva wa huku Isinya, na kitu juu kwa kila ekari. Nyasi zangu zikiisha, utakatia majirani kwa pesa, Waweru akiwa wa kwanza, maana ile yake nyekundu imelala tangu mvua ianze. Nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stoo iko tupu, ni ya mabati lakini ina stima na maji. Shule iko karibu, nimeuliza nafasi. Zile elfu sabini na moja sijasamehe. Nitakata kidogo kidogo kwa mshahara, bila riba, na mkopo wako utaendelea kuulipa mwenyewe kama mwanaume. Filta ya kabini ina masaa yake ya kubadilishwa, hiyo ni kazi yako, usije ukaniambia umesahau.

Duka lilitaka jina la dereva kwa ajili ya mafunzo ya siku ya kwanza. Nimewapa lako. Oyoo aliniuliza kama huyu Gitonga ndiye mzee wangu. Nikamwambia ni opareta wangu, na kwamba ameendesha mashine kubwa kuliko hizo zote zilizosimama hapo nje.

Kama hutaki, sema hutaki, nitatafuta mtu mwingine na nitabaki na kabini ya kujivunia. Lakini uniambie kwa simu, kwa mdomo wako. Shika simu, Gitonga.

Mama anakusalimu na anasema ulete yale mafuta ya goti yanayouzwa huko kwenu, hata kama mimi nasema hayafanyi kazi. Kuntai anakutumia sopa, ile salamu yao ya Kimaasai, ukija utamjibu mwenyewe. Cate anauliza habari za watoto. Nisalimie Nduta sana, umwambie sina neno lolote naye, na kwamba bustani nyuma ya stoo imelimwa na haijapandwa kitu. Mungu awatunze mpaka tuonane.

Ni mimi dada yako,
Nyawira

Nimesahau: ndani ya bahasha kuna nauli ya watu wote na ya mizigo. Hiyo usiihesabu. Mimi pia sijaihesabu.